Kazi za Mikono: Jiwe la Kweli na Jiwe la Rangi

Leo nataka tuzungumze juu ya mawe. Najua wengine watacheka na kusema, "Mawe tunayo tele shambani, yanatuvunjia majembe." Ni kweli. Lakini yako mawe laini yenye rangi nzuri, ambayo mtu mwenye msasa, maji na subira aweza kuyasugua mpaka yang'ae kama jicho la ng'ombe. Kazi hii ni burudani njema ya jioni, nayo haina gharama kubwa. Lakini kwanza nitawaeleza habari iliyotokea nyumbani kwetu, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 19. Anakaa na mama yake karibu na Tunduma. Alipomaliza kidato cha nne hakupata nafasi ya kuendelea, akawa anashinda barabarani kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Kule kuna mengi ya kujifunza, na si yote yanafaa. Mama yake alikuwa halali. Basi siku moja nilimpa kipande cha marumaru na karatasi tatu za msasa, nikamwambia, "Nisugulie hiki mpaka nione uso wangu." Nilidhani atakitupa. Baada ya siku nne alinirudishia, na kweli kiling'aa. Tangu hapo akawa haonekani sana kwenye malori.

Miezi ikapita. Mawe yake yakawa mazuri, na watu wakaanza kuyanunua kwa bei ndogo. Ndipo mtu mmoja sokoni alipomwambia kwamba marumaru haina faida. Watu wanataka lile jiwe la kijani la nchi za shaba, malakaiti. Kijana akafikiri usiku kucha. Asubuhi akachemsha marumaru yake katika rangi ya kijani ya kutilia mikeka, akayasugua kwa nta, akayaita malakaiti. Akamwuzia mama mmoja wa kijijini mawe matatu kwa shilingi 30,000. Mama yule alikuwa akimtayarishia binti yake mkufu wa arusi.

Baada ya majuma mawili yule mama alifika nyumbani kwa dada yangu kwa miguu. Mawe alikuwa ameyafunga katika pindo la kanga. Rangi ilikuwa imetoka kwa jasho na kulichafua gauni jeupe shingoni, siku ile ile ya arusi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Sikuja kugombana, mama. Nimekuja kuuliza kama mwanao anajua alichoniuzia." Kijana alikuwa nyuma ya nyumba, akisikia kila neno.

Nitawaeleza mwisho alifanyaje. Lakini kwanza tujifunze kazi yenyewe, maana asiyelijua jiwe ndiye anayedanganywa, na pengine ndiye anayedanganya.

KULITAMBUA JIWE LAINI

Mwaka 1812 mtaalamu mmoja wa mawe, jina lake Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ugumu, toka 1 mpaka 10. Alitumia kanuni rahisi: lililo gumu hulikwaruza lililo laini. Namba 1 ni ulanga laini, ule unaosagwa kuwa poda ya watoto. Namba 3 ni kalsaiti, yaani chokaa iliyoganda kuwa jiwe, ambayo ndiyo mwili wa marumaru. Namba 7 ni kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa dhahabu kule Saza na Mkwajuni hulivunja kila siku. Namba 10 ni almasi.

Nyumbani huhitaji mashine ya kupima. Ukucha wako una ugumu wa 2 na nusu. Kisu cha kawaida kina 5 na nusu hivi. Basi jiwe ambalo ukucha hauliwezi, lakini kisu kinalikwaruza kwa urahisi, ndilo jiwe la mwanafunzi. Jiwe ambalo kisu kinateleza juu yake bila kuacha alama, liache kwanza. Utalisugua mwezi mzima na mkono utakuuma bure.

Katika pande zetu jiwe la kuanzia ni lile la chokaa. Wenyeji wa huku wajua kwamba tuna mito miwili yenye jina la Songwe. Mmoja hutupa maji yake katika Ziwa Nyasa, nao ni mpaka wetu na Malawi. Wa pili huteremka kaskazini kwenda Ziwa Rukwa. Katika bonde la huu wa pili, upande wa Mbeya, ziko chemchemi za maji ya moto. Maji yale hutoka ardhini yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakifika juu, hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake hutoka, na ile chokaa huganda, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka. Akina mama wameona jambo la namna hiyo katika birika: ule ukoko mweupe unaoshika ndani ni ndugu wa jiwe lile. Ndiyo maana jiwe hilo lina mistari ya rangi ya maziwa na ya kahawia, kama mbao.

Tena si lazima kwenda kuchimba. Mafundi wanaokata marumaru kwa ajili ya sakafu na makaburi hutupa vipande vidogo kila siku. Omba kwa adabu, nao watakupa.

Malakaiti ni jiwe jingine. Rangi yake ni kijani kibichi chenye mistari na duara, ugumu wake ni 3 na nusu mpaka 4, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Nyumbani kwake ni Katanga na nchi ya shaba ya Zambia. Wazee wa Katanga waliliyeyusha zamani sana kabla ya wageni kufika, wakapata shaba, wakaitengeneza kuwa vipande vya umbo la msalaba vilivyotumika kama fedha. Sisi wa Tunduma tunaishi kwenye mlango wa shaba hiyo. Hupita mbele yetu kwa malori, na kwa reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwa hiyo si ajabu jina la malakaiti kujulikana sokoni kwetu kuliko jiwe lenyewe.

VYOMBO

Vyombo vya kazi ni hivi: msumeno wa chuma, beseni la maji ambalo halitatumika tena jikoni, tupa ya zamani, na msasa wa maji wa aina ile wanayotumia mafundi rangi wa magari. Nunua namba 120, 220, 400, 600, 1000 na 2000. Namba ikiwa ndogo, msasa ni wa kukwaruza. Ikiwa kubwa, ni laini. Tafuta pia kandambili ya zamani, kipande cha ngozi kilichogongomewa juu ya ubao, msumari mnene wenye kichwa kipana, na gundi kali.

KAZI YENYEWE

Tunataka kutengeneza kabochoni. Hilo ni jiwe lililo bapa chini na lenye mgongo wa mviringo juu, mfano wa kobe, bila pembe wala nyuso nyingi kama almasi ya pete. Ndiyo namna ya zamani kabisa ya kupamba jiwe, na ndiyo inayofaa mawe laini yasiyopitisha mwanga, kwa sababu uzuri wake ni rangi na mistari.

Kwanza, kata kibao cha jiwe chenye unene wa milimita 6 hivi. Msumeno wa chuma hulikata jiwe la chokaa, ila polepole. Mwenzako adondoshe maji juu ya mkato muda wote. Kazi hii yafaa sana mtoto mdogo ambaye anataka kusaidia na hujui umpe nini.

Pili, lowesha kibao utazame mistari yake. Maji hukuonyesha jinsi jiwe litakavyokuwa likishang'aa. Chagua mahali pazuri, uchore umbo la yai lenye urefu wa milimita 25 na upana wa 18. Usichore kwa penseli, kwa kuwa itafutika. Tumia ncha ya waya wa aluminiamu. Alama yake hukaa hata ndani ya maji.

Tatu, punguza pembe kwa msumeno, kisha kwa tupa, mpaka ufike karibu na mstari. Usiuguse mstari. Acha nafasi kidogo kwa ajili ya msasa.

Nne, gandisha upande wa chini wa jiwe kwenye kichwa cha msumari kwa gundi. Sasa una mpini. Ukimaliza, gundi hiyo itatoka kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha.

Tano, anza kuutengeneza mgongo kwa tupa. Lete ukingo wa kwanza kuzunguka jiwe lote, umeinama kama paa la nyumba. Kisha lete wa pili juu yake, umeinama kidogo zaidi. Halafu ondoa pembe zilizobaki kati ya kingo hizo. Wanaoanza hutaka kuuviringa mgongo mara moja, na jiwe lao huwa na kilele kama kofia. Usiwe na haraka.

Sita, lala na msasa. Weka karatasi namba 120 juu ya kandambili, tia maji, usugue huku ukiviringisha mkono. Mpira wa kandambili hubonyea, kwa hiyo jiwe halipati sehemu bapa. Endelea mpaka alama zote za tupa zimekwisha. Kisha osha jiwe, osha mikono, badilisha maji, ndipo ushike namba 220. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Punje moja ya msasa mkubwa ikibaki kwenye kidole itaacha mkwaruzo ambao msasa laini hautauondoa kamwe, na itakubidi urudi nyuma.

Kabla ya kuhama namba, kausha jiwe ulitazame juani. Jiwe likiwa na maji huficha makosa yake. Likikauka husema kweli. Mpwa wangu alipenda sana maneno hayo nilipomfundisha. Sikujua kwamba yangemrudia.

Saba, ukimaliza namba 2000, chukua ngozi yenye unyevu, utie dawa ya meno nyeupe au dawa nyeupe ya kung'arishia vyuma, usugue kwa nguvu mpaka ngozi ianze kushika jiwe. Mng'ao huja ghafula. Usitumie dawa yenye rangi juu ya marumaru, kwa kuwa jiwe hilo lina vitundu vidogo na hunywa rangi. Mwisho paka nta kidogo ya nyuki.

VUMBI NI ADUI

Sasa wazazi wanisikilize vizuri. Kila kazi ya jiwe ifanyike kwa maji. Usisugue jiwe kavu, wala usikate kwa mashine ya umeme bila maji, hata kama una haraka. Mawe mengi yana kwatzi ndani yake, na vumbi lake laini likiingia katika mapafu halitoki. Hufanya makovu, na mtu huanza kukosa pumzi. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Kitambaa puani hakitoshi.

Vumbi la malakaiti lina shaba, nalo ni sumu likivutwa au kumezwa. Usifanyie kazi hiyo jikoni. Usile huku ukisugua. Osha mikono kwa sabuni, na lile tope la beseni lifukie shimoni mbali na kisima na bustani ya mboga.

SHERIA NAYO

Kuokota kipande cha marumaru kilichotupwa na fundi, kwa ruhusa yake, hakuna shida. Lakini kuchimba madini na kuyauza ni jambo la leseni, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Leseni ya uchimbaji mdogo ni haki ya raia, nayo huombwa katika ofisi za Tume ya Madini. Tena usivuke mpaka wa Nakonde na mawe mfukoni bila kuyaonyesha kwa maofisa. Kijana asije akafungwa kwa ajili ya burudani.

Na kile kimondo chetu cha Mbozi, pale Marengi, kisiguswe na mtu. Kina tani 16 hivi, nacho ni chuma na nikeli, wala si jiwe la kusugua. Kinalindwa kisheria tangu mwaka 1967. Kipelekeeni watoto wakione, kisha kirudieni siku nyingine na kukikuta kizima.

KUTAMBUA UONGO

Mtu akikuuzia jiwe la kijani, fanya hivi. Lishike: malakaiti ni nzito kuliko marumaru iliyo kubwa sawa nayo, na ni baridi mkononi. Kitu cha plastiki ni chepesi na hupata joto upesi. Tazama mistari: katika malakaiti ya kweli kijani cheupe na kijani cheusi hufuatana kwa upana usio sawa, na hakuna mawe mawili yanayofanana. Tazama nyufa na matundu: jiwe lililotiwa rangi huwa na rangi nzito zaidi mahali hapo. Sugua kwa pamba yenye spiriti: rangi ya uongo mara nyingi itaishika pamba. Na jaribio lililo bora, kwa ruhusa ya mwuzaji, ni kulikwaruza upande wa chini juu ya mgongo wa kigae usiong'aa. Malakaiti huacha unga wa kijani. Marumaru iliyotiwa rangi huacha unga mweupe.

Usijaribu kwa ndimu wala siki. Zitaula mng'ao wa yote mawili, la kweli na la uongo.

MWISHO WA HABARI

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Dada alinipigia simu, nikaenda. Nilimkuta kijana ameketi, hali chakula. Fedha alikuwa ameshazitumia. Akaniambia, "Mjomba, mimi sikuiba. Yeye mwenyewe aliyapenda." Nikamjibu, "Aliyapenda kwa jina ulilompa. Ungemwambia ni marumaru ya rangi, angelipa kiasi gani?" Hakunijibu. Nikatoka nje nikanywa chai na dada.

Nilitaka kuzilipa zile fedha mimi, tuimalize aibu. Dada akakataa. Alisema, "Ukimlipia, kaka, utakuwa umenunua yale mawe wewe. Yeye atabaki na nini?" Naye alisema kweli kuliko mimi.

Ulikuwa wakati wa kuchuma kahawa. Kijana alikwenda Mbozi akachuma kwa watu, debe kwa debe. Jioni alikuwa akisugua. Fedha zilipotimia alinijia na shilingi 30,000 pamoja na mawe matatu ya marumaru, hayana rangi, yana ile mistari yake ya maziwa na kahawia tu. Akaomba nimsindikize. Nilimsindikiza hadi kwenye miti ya mwanzo wa kijiji, kisha nikamwambia aende peke yake.

Alinieleza baadaye. Alisema, "Shikamoo, mama," na yule mama akaitikia. Akazihesabu fedha mara mbili, akazifunga katika kanga. Kisha akayageuza yale mawe mkononi, akauliza, "Na haya ni nini?"

"Ni marumaru, mama. Ni chokaa tu. Nimekuletea bure."

"Bure sitaki. Bei yake ni kiasi gani kwa haki?"

"Shilingi 2,000 kila moja."

Alichukua moja, akatoa shilingi 2,000, akamrudishia mawili. Juu ya gauni la arusi hakusema kitu, wala binti yake hakutoka ndani. Kijana alirudi na fedha hizo na mawe hayo mawili, na njiani hatukuzungumza sana.

Siku hizi kila jiwe analouza hulifunga katika karatasi, na juu yake ameandika ni jiwe gani na limetoka wapi. Nimemwambia pia kwamba huko Arusha kiko Kituo cha Jemolojia cha serikali kinachofundisha ukataji wa vito, na kwamba wasichana wengi wamefundishwa pale. Anaweka akiba ya nauli. Kama atafika au hatafika, sijui, lakini mama yake siku hizi analala.

Wazazi, kama mnaye kijana asiye na kazi, mpeni jiwe na msasa. Mkae naye jioni mbili au tatu. Na mkiona kazi yake imekuwa nzuri, msisahau kumwuliza anamwambia nini mnunuzi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama namna ya kutoboa tundu la uzi katika jiwe laini bila kulipasua. Mwenye swali amwandikie Mhariri, naye atanifikishia. Kwaherini.